Barua za Waashuru zilivyotuachia ramani

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza: mwanahistoria ataijuaje barabara ya kale ambayo hakuna aliyeichora? Nilimjibu asome barua za wafanyabiashara.

Chukua mfano wa Kanesh, mji ambao magofu yake yako Kültepe, karibu na Kayseri nchini Uturuki. Huko vimefukuliwa zaidi ya vibao 20,000 vya udongo. Vingi viliandikwa karne ya 19 K.K. na wafanyabiashara wa Ashur, mji uliokuwa kando ya mto Tigris, Iraki ya leo. Punda wao walibeba bati na vitambaa kwa takriban kilomita 1,000; dhahabu na madini ya fedha yakarudi Ashur.

Watu hawa hawakukusudia kutufundisha jiografia. Mmoja anamdai mshirika wake deni, mwingine anabishania bei ya vitambaa na mkewe aliyebaki nyumbani. Wakala naye anaorodhesha matumizi ya njiani: ushuru hapa, chakula cha punda pale, malazi kule. Sasa, orodha hiyo ya gharama ndiyo ratiba ya safari, maana vituo vinafuatana jinsi alivyovipita. Hata ukwepaji ushuru unatufaa. Barua zinataja “njia nyembamba”. Sisi tungeiita njia ya panya. Panapotajwa njia ya panya, ujue kulikuwa na njia kuu iliyolindwa.

Hata hivyo, mfuatano wa vituo hautupi mwelekeo. Mwandishi hakuona haja ya kueleza kilichojulikana na msomaji wake, na hicho ndicho tulichokipoteza. Purushhattum ulikuwa mji mkubwa wa biashara. Wataalamu wengi waliuweka Acemhöyük, karibu na Ziwa Tuz. Gojko Barjamovic, katika kitabu chake cha 2011, anausogeza magharibi zaidi. Ukikubali hoja yake, mtandao mzima wa biashara unarefuka, na miji jirani nayo lazima ihame.

Mwaka 2019, yeye na wanauchumi watatu walichapisha utafiti uliotumia maelfu ya vibao. Walihesabu safari za kibiashara kati ya mji na mji, wakichukulia kwamba miji iliyo karibu hufanya biashara zaidi, kisha wakakadiria mahali pa miji 11 iliyopotea.

Nauheshimu ukokotoaji huo. Lakini kwani kompyuta huhesabu nini kama si usomaji wa mtu? Lazima kwanza aamue kama jina ni la mji au la mtu, na kama msafiri alitoka mahali fulani au alipapitia tu. Kosa dogo la sarufi linaweza kuuhamisha mji. Ndiyo maana nilimwambia mwanafunzi yule: kabla hujachora mstari kwenye ramani, hakikisha umeielewa sentensi.