Baridi ya Milima na Saratani ya Taya

Sisi wa Lushoto twajua tangu utoto ya kuwa homa ya malaria ni ya Mombo na Korogwe kuliko ya huku juu. Wataalamu waliopima vijiji vya Usambara waliona maambukizo ya bondeni yakizidi ya mlimani zaidi ya mara elfu. Lakini si wengi wajuao kwamba baridi ya milima iliwahi kuwaongoza madaktari kwenye asili ya saratani.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri maili 10,000 kutoka Uganda hata Afrika Kusini, wakiuliza katika hospitali, nyingi zikiwa za misheni, kama ugonjwa huo waonekana. Kwa kawaida hospitali za nchi za joto ziliujua. Za milimani hazikuujua. Burkitt alidhani kizuizi ni kimo cha nchi. Haddow wa Entebbe ndiye aliyetambua kuwa ni baridi: penye hewa ishukayo chini ya digrii 16 hivi ugonjwa haukuenea.

Mwaka 1964 Epstein na wenzake huko London waliona kirusi katika seli za uvimbe uliotoka Uganda. Lakini kirusi hicho kimeenea dunia nzima, wala hakiogopi milima. Kiogopacho baridi ni kijidudu cha malaria, kisichoweza kukomaa ndani ya mbu aliyepoa. Mtoto augue malaria mara kwa mara, kinga yake hulegea, na seli zenye kirusi huzaana kupita kiasi.

Joto lina habari nyingine tena. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa wa Italia aliona jeni fulani za nzi wadogo zikiamka walipopata joto mno. Baadaye ikajulikana kuwa jeni hizo huunda protini za mshtuko wa joto, ambazo kazi yake ni kuzishika protini nyingine zisiharibike umbo. Kijidudu cha malaria, kitokapo kwa mbu na kuingia katika damu yenye homa, huzihitaji. Seli za saratani nazo huziegemea, hata pasipo joto, kwa sababu protini zao nyingi zina kasoro. Kwa hiyo watu wametafuta dawa za kuwanyang'anya mkongojo huo, na mwaka 2022 Japani iliikubali moja kwa uvimbe fulani wa tumbo.

Saratani ya taya yenyewe hutibiwa kwa dawa za zamani zaidi. Hukua upesi mno, lakini Burkitt aliona uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto wale walipona kabisa.