Njia ya Kitangari na Anga Isiyo na Mnara

Siku zepelini ya Kijerumani L59 ilipoinuka kutoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, Waingereza walikuwa wanaingia Newala. Zepelini ile nayo ilikuwa inakuja hukohuko, au popote jirani ambapo ingepata pa kutua juu ya uwanda wa Makonde. Ilikuwa na urefu wa mita 226, watu 22 chini ya Ludwig Bockholt, na shehena ya tani 15 hivi ya risasi, bunduki za rashasha na dawa kwa ajili ya jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Haikutarajiwa kurudi. Ikishatua ingefumuliwa yote: ngozi yake ishonwe mahema, mifupa yake ya chuma chepesi isimamishwe kuwa minara ya redio.

Siku ya pili, juu ya jangwa la Misri, injini moja iliharibika. Injini hiyo ndiyo iliyokuwa ikiupa nguvu mtambo wa kurusha redio, na kuanzia hapo L59 iliweza kusikia lakini haikuweza kujibu. Tarehe 23, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikasikia amri kutoka kwao igeuze, kwa kuwa mahali pa kutua palikuwa pamekwisha kutekwa. Ikafika Jamboli asubuhi ya tarehe 25, baada ya saa 95 angani na kilomita zipatazo 6,800. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa anavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Nimeifuata njia ya hao waliokuwa wakipelekewa shehena ile, kutoka Ndanda hadi Newala kupitia Kitangari. Vita vyenyewe, Vita Kuu ya Kwanza, vimeandikwa sana. Kilichonipeleka ni swali linalonijia kila ninapopanda ndege ndogo ya kusini na rubani akageuza shingo huku na huku kama mtu anayetafuta jambo: katika nchi pana kiasi hiki, yenye vyombo vichache kiasi hiki, inakuwaje wawili wakutane mahali pamoja, dakika moja?

Ukitoka Ndanda, penye misheni ya Wabenedikti tangu 1906, na kuipita Chiwata, unaanza kupanda. Novemba ni msimu wa korosho. Bodaboda zinashuka na magunia, maghala ya vyama vya msingi yamefurika, na watu wanauliza bei ya mnada uliopita kabla ya kuuliza habari za nyumbani. Juu ya uwanda udongo ni mwekundu wenye mchanga, mihogo inaota chini ya mikorosho, na pale ambapo jembe halijafika bado kuna kile kichaka cha Umakondeni, kilichosokotana hadi mtu akiacha njia kwa hatua chache haonekani tena. Karl Weule, mwanaelimu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza maisha ya watu wa huku, alishangaa kuona vijiji vimejengwa juu kabisa, mbali na maji. Mvua ya uwanda huu huzama mchangani na kutokea chini, kwenye miguu ya miteremko. Kwa vizazi vingi akina mama wameshuka na kupanda kwa ajili ya ndoo moja.

Hapo ndipo Kitangari inapoeleweka. Iko bondeni, na bonde lile lina maji. Hadi leo mitambo ya Mitema huyasukuma kutoka huko kuyapandisha kwa watu wa juu. Kichaka kikiwa kizito na maji yakiwa mahali pachache, njia haziwezi kuwa nyingi. Zote hukazana kuelekea penye mwanya wa kupandia na penye kisima. Aliyekuwa akisafiri kati ya bonde la Lukuledi na Ruvuma angeweza kuchagua siku ya kupita, lakini njia ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na maji. Lettow-Vorbeck naye hakuwa na jingine. Tarehe 17 Novemba, akiwa Nambindinga, alikata shauri kuwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na wasio na risasi; waliobaki wakapitia Kitangari kuelekea Newala. Waliovuka Ruvuma walikuwa Wajerumani wasiozidi 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi na wanawake ambao idadi yao hutajwa kwa maelfu bila jina hata moja. Chakula walichokula njiani kilikuwa cha Wamakonde, na hakikulipwa. Katika vita ile walikufa wapagazi makumi kwa makumi ya maelfu, wa pande zote mbili, na njia ninayoisimulia waliitengeneza kwa nyayo zao kuliko jenerali yeyote.

Waingereza nao walikuwa na ndege. Kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps kilikuwamo katika vita hii tangu 1916, kikitumwa kutafuta adui kutoka juu. Lakini kutoka juu Umakondeni huoni watu, unaona njia. Rubani wa wakati ule, mwenye dira na ramani iliyojaa nafasi tupu, aliifuata njia ya ardhini kama mpagazi alivyoifuata, kwa sababu ileile: akiiacha atapotea.

Newala nilikwenda kusimama Shimo la Mungu. Hapo uwanda unakatika ghafla, na chini yako bonde lote limetandazwa hadi Ruvuma na milima ya Msumbiji ng'ambo. Kutoka pale nilijaribu kumfuata kwa macho Theodor Tafel. Kapteni huyu alikuwa anatoka Mahenge na kikosi kizima kuja kuungana na mkuu wake, Lettow-Vorbeck. Alishuka hadi upande wa Ruvuma, akakuta hakuna mtu wala chakula, akageuka. Tarehe 28 Novemba akajisalimisha kwa Waingereza. Waandishi wa vita ile wanakadiria kwamba vikosi hivyo viwili vilikaribiana kiasi cha mwendo wa siku moja hivi. Wote walikuwa wanatafutana, wala hakuna aliyekuwa na namna ya kumwambia mwenzake yuko wapi. Mnara mkubwa wa redio wa Dar es Salaam ulikuwa umeanguka tangu Agosti 1914.

Ndege ndogo zina shida hiyohiyo ikiwa imepinduliwa. Zenyewe hazitaki kukutana, na hukutana kwa sababu ya kutojuana. Mgongano wa kwanza wa ndege mbili angani ulitokea Milan, Italia, Oktoba 1910, René Thomas alipomwangukia Bertram Dickson kutoka juu. Wote wawili walitoka hai, ingawa Dickson hakupona sawasawa. Uliofundisha dunia zaidi ni ule wa tarehe 7 Aprili 1922 huko Picardie, Ufaransa. Ndege moja ya abiria ilikuwa inatoka Paris kwenda London, nyingine inatoka London kwenda Paris. Kulikuwa na ukungu, zote zikashuka chini na kufuata barabara moja ili zisipotee. Zikakutana uso kwa uso, na watu saba wakafa. Anga lote la Ufaransa lilikuwa na nafasi siku hiyo, na ndege zile zilikuwa zimejibana juu ya ukanda mwembamba wa barabara. Wenye mashirika walipokaa baada ya msiba walipendekeza mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida: kila mmoja ashike upande wake wa kulia, njia za ndege zipangwe, redio ziwekwe.

Kanuni za kupishana zimebaki karibu zilezile. Mkija uso kwa uso, kila mmoja hukata kulia. Mkikatizana, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayempisha. Kisha kuna kanuni ya kimo. Rubani anayetoka Masasi kwenda Mtwara, akielekea mashariki kwa kutegemea macho yake, huruka futi 3,500 au 5,500. Anayetoka Mtwara kwenda Songea, akielekea magharibi, huchukua 4,500 au 6,500. Futi elfu moja ziko kati yao. Ni mpango mzuri mno, ila unafanya kazi kwa ndege iliyokwisha kufika kimo chake. Anayepanda na anayeshuka huvikata vimo vyote, na ndege ndogo za kusini, zenye safari za dakika arobaini, hutumia sehemu kubwa ya muda zikipanda au zikishuka.

Zaidi ya hapo, kinachobaki ni macho. Tufanye hesabu. Ndege mbili ndogo, kila moja ikienda kilomita 220 kwa saa, zinakaribiana kwa mita 122 kila sekunde. Wataalamu wa usalama wa anga hukadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12 na nusu kuona kitu, kukitambua kuwa ni ndege, kujua inamjia, kuamua, kusukuma usukani na kungoja ndege yake iitike. Sekunde hizo ni kilomita moja na nusu. Kwa umbali huo Cessna yenye mabawa ya mita 11 huonekana kwenye kioo cha mbele kama punje ya mtama. Na ile itakayokugonga haisogei kiooni. Ndege inayotembea kutoka kushoto kwenda kulia jicho huikamata upesi, nayo itakupita. Iliyo kwenye njia ya kukugonga hubaki palepale kwenye kioo, tuli, ikikua polepole, kisha ghafla inajaa yote. Mabaharia wa mashua wanaijua kanuni hii. Chombo ambacho mwelekeo wake haubadiliki, ogopa.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya Safarilink iliondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44. Cessna 172 ya mafunzo ilikuwa angani karibu na uwanja huohuo. Ziligongana. Dash 8 iligeuka na kutua salama; Cessna ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, mwanafunzi na mwalimu wake wakafa. Wilson ina mnara, ina waongoza ndege, ina redio, na asubuhi ilikuwa ya kawaida. Najiuliza ni mara ngapi ndege zimepishana chupuchupu katika anga letu bila rubani yeyote kujua.

Wengi hudhani vifaa vya setilaiti vimeondoa hatari hii. Kwa upande mmoja vimeiongeza. Zamani marubani wawili wakitoka Mtwara kwenda Masasi, mmoja angekosea nusu kilomita kaskazini na mwingine kilomita moja kusini. Makosa yao yaliwatenganisha. Leo kila mmoja anachora mstari ulionyooka kutoka kiwanja hadi kiwanja na kuufuata kwa usahihi wa mita chache. Tumejirudishia vijia vya Kitangari angani, vyembamba kuliko vile vya mwaka 1917.

Na rada? Watanzania tunaijua rada kwa sababu nyingine. Ile iliyonunuliwa kwa kampuni ya Kiingereza ya BAE mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa pauni milioni 28 iliishia kwenye kashfa, na fedha zilizorudishwa, zile tulizoziita chenji ya rada, zikanunulia shule vitabu na madawati. Baadaye nchi ilifunga rada nne, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mawimbi ya rada hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo mita 3,000 juu huanza kufichika ikizidi kilomita 225 hivi kutoka kwenye rada. Kutoka Dar es Salaam hadi Newala ni kilomita zipatazo 460 kwa mstari ulionyooka, na Songwe iko mbali zaidi. Kwa rada zile, Cessna inayozunguka juu ya Kitangari kutafuta kiwanja cha Newala haipo.

Viwanja kama Newala na Masasi havina waongoza ndege. Rubani anayekuja hujitangaza hewani kwa yeyote anayesikiliza: Newala, ndege ndogo kutoka kaskazini, maili kumi, futi 4,500, natua baada ya dakika tano. Halafu ananyamaza na kusikiliza. Kama mwingine yuko karibu, atajibu, nao watapangana wao kwa wao. Ni utaratibu unaofaa, na marubani wa kusini wanaoufuata kwa nidhamu wanastahili heshima. Udhaifu wake uko kwa yule aliyesahau kubadili masafa, au ambaye redio yake imekufa bila yeye kujua. Kimya chake kinasikika sawasawa na kimya cha anga tupu.

Kifaa cha kuliziba pengo hilo kipo. Transponda hujibu yenyewe inapoulizwa, bila kungoja rubani akumbuke, na ndege nyingine yenye chombo cha kuiuliza huiona ilipo na kimo chake hata pasipo na rada jirani. Bei yake si ndogo kwa mwenye ndege moja. Hata hivyo ningependa iwe sharti la lazima, pamoja na redio ya pili, kwa kila ndege inayotua viwanja visivyo na mnara kuanzia Nachingwea hadi Newala, ikiwemo ile inayokuja mara moja kwa mwaka kumchukua mgonjwa.