Rasilimali, Mashapo na Haki ya Madini

Kahawa ya Kilwa Masoko hunywewa katika vikombe vidogo, chungu, kashata ikiwa pembeni. Ukimaliza kikombe, ulimi hukutana na unga mweusi uliotuama chini. Hayo ndiyo mashapo. Wataalamu wetu wa miamba walilichukua neno hilohilo kuitia madini yaliyolala ardhini, ndiyo maana tunasikia "mashapo ya kinywe" na "mashapo ya dhahabu". Nalipenda sana, kwa kuwa mtu wa pwani halihitajii kamusi.

Taabu huanza mashapo yanapoingia katika daftari la hesabu la kampuni. Kiingereza huyaita mineral assets, nasi kwa haraka huandika "mali ya madini" au "rasilimali za madini". Tafsiri zote mbili humpotosha msomaji.

Tuchukue mradi wa kinywe wa Nachu, wilayani Ruangwa, magharibi ya mji wa Lindi. Kinywe ni madini meusi, laini, yaleyale yaliyomo katika penseli, na ndiyo hujaza upande hasi wa betri ya lithiamu. Betri ya gari moja la umeme hubeba makumi ya kilo. Leseni ya Nachu ilishikwa na kampuni ya Australia iliyoanza kwa kutafuta urani ikiitwa Uranex, ikageuka kuwa Magnis, kisha mwaka 2018 ikajiita Magnis Energy Technologies. Ilikuwa na hisa katika kiwanda cha betri huko Endicott, jimbo la New York, na Februari 2023 ikatangaza mkataba wa kuiuzia Tesla malighafi ya betri. Kiwanda cha Marekani na mashapo ya Ruangwa vikakaa katika daftari moja. Sasa mwanakijiji akisoma "mali ya madini ya kampuni", ataelewa nini? Ataelewa kwamba ardhi yao imekwisha kuuzwa.

Haijauzwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Asiye raia hapewi ila kwa uwekezaji. Madini nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2017 ya Sheria ya Madini, yamo mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi, na serikali hupata katika kampuni ya uchimbaji hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Ndivyo ilivyokuwa kwa Chilalo, mradi mwingine wa kinywe wa Ruangwa, ambao mkataba wake ulitiwa saini Aprili 2023 na kuzaa kampuni ya ubia ya Kudu Graphite.

Kilichomo mkononi mwa kampuni, basi, ni leseni, na leseni ina umri. Ya utafiti hutolewa kwanza kwa muda usiozidi miaka minne. Ya uchimbaji wa kati, kumi. Na juu ya mashapo hayo kuna mwenye mikorosho, ambaye naye ana haki yake na anastahili fidia kabla hajaondoka. Udongo ni mmoja, haki ni mbili, na neno "mali" huzifunika zote.

"Rasilimali" nalo limebebeshwa mno. Asili yake ni Kiarabu, kichwa cha mali, yaani mtaji wa mfanyabiashara. Leo twalitumia kwa samaki, kwa misitu, kwa gesi ya Songo Songo, hata kwa wafanyakazi. Neno lililobeba yote hayo haliwezi tena kumwonyesha mtu nani anamiliki nini.

Kilwa yenyewe iliijua mapema tofauti hii ya mali na haki. Mji ule wa kale aliouzuru msafiri Ibn Battuta mwaka 1331 ulitajirika kwa dhahabu ya bara iliyopitia bandari ya Sofala, wala masultani wake hawakuwa wenye machimbo. Walishika bandari na ushuru. Utajiri wao ulitokana na haki ya kupitisha, na ulipungua haki hiyo ilipowatoka.

Kwangu, jiwe lililo chini liitwe mashapo, na alichonacho mwenye kampuni kiitwe haki ya madini. Enyi mnaotafsiri taarifa zinazosomwa katika mikutano ya vijiji vya Ruangwa na Kilwa, andikeni "haki ya madini", na mbele yake mwandike mwaka ambao leseni inakwisha.