Mitindo ya Wanyama katika Sanaa za Mapigano

Mitindo ya wanyama ni mbinu za kupigana ambazo waanzilishi wake wanasemekana kuzipata kwa kuwatazama wanyama wakipigana, wakiwinda au wakijiokoa. Imestawi zaidi nchini China, ingawa India, Sumatra na Angola nako kuna mafunzo ya aina hiyo. Baadhi ya mitindo hufuata mnyama mmoja, kama vunjajungu au korongo. Mingine hukusanya wanyama watano au kumi na wawili katika fundisho moja. Binadamu hana kucha wala mdomo wa ndege, na mwanafunzi anayenguruma kama chui milia hapati kwa hilo nguvu za chui milia. Kinachochukuliwa kwa mnyama ni namna anavyolikabili tatizo lake: anasimama umbali gani, anangoja nini kabla ya kushambulia, na anafanya nini nguvu kubwa kuliko yake inapomjia.

Kuiga wanyama kulianza kama tiba kabla ya kuwa vita. Mwaka 1973, katika kaburi namba 3 la Mawangdui karibu na mji wa Changsha, wanaakiolojia walipata kitambaa cha hariri chenye michoro 44 ya watu wakifanya mazoezi ya viungo. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 KK, na baadhi ya mazoezi hayo yamepewa majina ya wanyama, dubu na nyani wakiwemo. Miaka zaidi ya mia tatu baadaye tabibu Hua Tuo, aliyefariki mnamo mwaka 208 BK, alifundisha mazoezi ya wanyama watano: chui milia, kulungu, dubu, nyani na ndege. Hoja yake ilikuwa kwamba mwili unaotumika hausongwi na maradhi. Wanahistoria wa kale wa China waliandika kwamba mwanafunzi wake Wu Pu alifuata mazoezi hayo, akapita miaka tisini akiwa bado na macho, masikio na meno mazuri. Mazoezi hayo hayakuwa na adui yeyote mbele yake. Hata hivyo yalijenga mazoea ambayo wapiganaji waliyarithi, yaani kumtazama mnyama kama mwalimu wa mwendo, na kutumia jina lake kuhifadhi kumbukumbu ya mwendo huo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa somo lililotokana na pambano la wanyama ni mtindo wa vunjajungu wa kaskazini, unaoitwa tanglangquan, wa jimbo la Shandong. Mapokeo yanasema mpiganaji aliyeitwa Wang Lang, baada ya kushindwa mara kwa mara na mpinzani wake, alimwona vunjajungu akipambana na nyenje aliye mkubwa kuliko yeye na kumshinda. Alimchukua mdudu huyo, akawa anamchokoza kwa kijiti ili aone mikono yake inavyojibu kila upande. Habari za Wang Lang ni za mapokeo tu, na hata enzi aliyoishi hutajwa kwa namna tofauti. Lakini hadithi yenyewe inaeleza kwa usahihi njia ya kujifunza: jaribio linalorudiwa, kichocheo kimoja kwa wakati, na majibu yanayowekwa akilini. Inaeleza pia kasoro iliyogunduliwa. Vunjajungu ana mikono hodari, ila miguu yake ya nyuma haina mwendo wa kumfaa mpiganaji, kwa hiyo mikono ya mdudu ikaunganishwa na hatua nyepesi za nyani. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekuwa anatafuta kinachofanya kazi, asiyejali sana kufanana na mdudu.

Katika mtindo huo kiganja hukunjwa kama ndoana. Mkono hauzuii ngumi kwa kuigonga. Unaikamata, unaivuta pembeni, na mkono wa pili unapiga papo hapo. Elimu ya wadudu inasaidia kueleza kwa nini wazo hilo lina nguvu. Vunjajungu ni mviziaji. Hutulia, hugeuza kichwa chake cha pembetatu kufuata windo, na macho yake mawili humpa kipimo cha umbali, uwezo ambao ni nadra kwa wadudu. Hayumbi ovyo anapoyumbisha mwili wake. Mayumbo hayo humsaidia kupima umbali huo. Windo likiingia ndani ya mfiko wa mikono, hulinasa kwa muda usiofika sehemu ya kumi ya sekunde. Binadamu huhitaji takribani sehemu moja ya tano ya sekunde ili tu aanze kuitikia kitu alichokiona. Mtu anayesubiri kuona ngumi ndipo akinge, mara nyingi amekwisha kuchelewa. Kwa sababu hiyo walimu wa tanglangquan husisitiza kugusana: mkono ukishagusa mkono wa mpinzani ubaki umeganda hapo, ngozi ihisi nia yake kabla jicho halijaiona. Matawi ya mtindo huu ni mengi, yakiwemo la nyota saba, la ua la plamu na la mapatano sita. Mtindo wa vunjajungu wa kusini, uliotunzwa na jamii ya Wahakka, una jina hilo hilo lakini haukutoka katika ukoo huu. Ni wa mapigano ya karibu sana, viwiko vikiwa vimebanwa mwilini.

Korongo mweupe ni mwalimu wa watu wepesi. Mtindo wake ulitokea wilaya ya Yongchun, jimbo la Fujian, na mapokeo yanautaja mkono wa mwanamke, Fang Qiniang, aliyeishi karne ya 17 na kufundishwa ngumi na baba yake. Inasimuliwa kwamba alijaribu kumfukuza korongo kwa fimbo. Kila alipopiga, ndege alisogea kidogo tu, akaiacha fimbo ipite, kisha akajibu kwa bawa au mdomo. Fang aliona kwamba ndege huyo hakuwa na nguvu za kupambana na fimbo, wala hakuzihitaji. Kutokana na hapo mtindo wa korongo mweupe hufundisha kutopokea nguvu uso kwa uso, kusogea kwa kiasi kinachotosha tu, na kupiga wakati ambapo pigo la mpinzani limekwisha kupotea hewani. Mtikiso wa ghafla wa mwili mzima, ambao ni alama ya mtindo huu, unafananishwa na ndege anayekung'uta maji kwenye manyoya. Matawi ya Fujian hutofautishwa kwa hali za ndege: korongo arukaye, aliaye, alaye na alalaye.

Ni vyema kuongeza kwamba makorongo halisi wakigombana hurukiana na kupigana sana kwa miguu na mabawa. Mkono uliokunjwa mithili ya mdomo, unaojulikana na kila mtazamaji wa filamu, ni sehemu moja tu ya mambo ambayo ndege huyo hufanya.

Somo la Fujian lilivuka bahari hadi kisiwa cha Okinawa, Japani. Kisa cha Fang Qiniang kimo katika Bubishi, mkusanyo wa maandishi ya Kichina ambao mabwana wa karate walinakiliana kwa mkono. Kanryo Higaonna (1853–1915) alijifunza mjini Fuzhou, huko Fujian, na mwanafunzi wake Chojun Miyagi (1888–1953) akaanzisha Goju-ryu, mtindo wa ugumu na ulaini, ambao umefundishwa Dar es Salaam tangu miaka ya 1970. Kanbun Uechi alikwenda Fuzhou mwaka 1897 na kurudi na mafunzo yanayohesabiwa kuwa ya chui milia, korongo na joka, ambayo leo huitwa Uechi-ryu. Kwa njia hiyo kijana anayerudia kata zake, yaani mifululizo ya mikao ya karate, katika ukumbi wa Afrika Mashariki huenda anatenda jambo ambalo mapokeo yanasema lilionwa kwanza kwa ndege wa Yongchun, bila yeye kuambiwa habari zake.

Pambano la nyoka na ndege limesimuliwa mara nyingi kupita mengine. Taichi inanasibishwa na Zhang Sanfeng, mtawa wa mlima Wudang, anayesemwa kuwa alimwona nyoka akimkwepa ndege kwa kujipinda, kila sehemu iliyoshambuliwa ikilegea na sehemu nyingine ikijibu. Mwanahistoria Tang Hao alichunguza madai hayo, akaenda hadi kijiji cha Chenjiagou jimboni Henan, na kuhitimisha kwamba taichi ilitokana na ukoo wa Chen wa kijiji hicho, hususan Chen Wangting wa karne ya 17. Hoja zake zimekubaliwa na watafiti wengi. Hadithi ya nyoka haikufa kwa sababu ya uchunguzi huo, na si haki kuidharau, kwani inamfundisha mwanafunzi kanuni ya kulegea na kurudisha kwa picha moja anayoweza kuishika tangu siku ya kwanza.

Nyoka ana mpinzani mwingine ambaye Waafrika Mashariki wanamfahamu vizuri zaidi, nguchiro. Pambano la nguchiro na swila huonekana kama shindano la wepesi, na kwa sehemu kubwa ndivyo lilivyo: nguchiro humchokoza nyoka arushe kichwa mara kwa mara, hukwepa, humchosha, kisha humng'ata kichwani. Lakini pia vipokezi vya neva vya nguchiro vina umbo ambalo sumu ya swila hushindwa kulishika barabara, hivyo anaweza kuvumilia kosa ambalo lingemwua mnyama mwingine. Mtazamaji wa kale aliona wepesi na hakuweza kuiona kinga iliyomo mwilini. Hapa ndipo penye hatari ya kuiga: ujasiri wa mnyama huweza kutegemea silaha ambayo mwigaji hanayo.

Mafunzo ya wanyama wengi hutumia wanyama kama sura za tabia. Wanyama watano wa hekalu la Shaolin ni chui milia, chui, nyoka, korongo na joka. Kuwamo kwa joka, kiumbe ambaye hakuna aliyepata kumwona akipigana, kunathibitisha kwamba orodha hiyo si kumbukumbu ya watazamaji wa porini pekee. Chui milia huwakilisha mifupa na mshiko, joka huwakilisha roho. Mtindo wa Hung Gar wa kusini, uliosambazwa na Wong Fei Hung na mwanafunzi wake Lam Sai Wing (1861–1943), umeunganisha chui milia na korongo katika mfululizo mmoja, ugumu wa mmoja ukisawazishwa na wepesi wa mwingine. Xingyiquan, unaonasibishwa na Ji Longfeng wa Shanxi, una wanyama kumi na wawili, wakiwemo jogoo, mbayuwayu, tai na dubu. Huo hauigi mikao. Hutoa kwa kila mnyama nia moja, kama vile jogoo anavyosimama kwa mguu mmoja akiwa tayari kudona.

Nje ya China, kalaripayattu ya Kerala hufundisha mikao ya ndovu, simba, farasi, nguruwe mwitu, nyoka, paka, jogoo na tausi. Silati ya chui milia ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi hupiganwa karibu na ardhi, mikono ikigusa chini. Kusini mwa Angola, jirani na mto Kunene, engolo ni mchezo wa mateke unaohusishwa na punda milia. Mchezaji huweka mikono chini na kurusha miguu nyuma. Mchoraji Albano Neves e Sousa alidai katika miaka ya 1960 kwamba humo ndimo ilimotoka kapuera ya Brazili. Utafiti uliofuata umekuta mienendo inayofanana kwelikweli, lakini nasaba ya moja kwa moja haijathibitishwa.

Elimu ya tabia za wanyama imeleta tofauti ambayo mapokeo hayakuitilia mkazo. Mnyama awindaye na mnyama ashindanaye na mwenzake hawafanyi jambo moja. Vunjajungu na nyenje ni kuwinda: hakuna onyo, na mwisho wake ni kifo. Choroa wawili madume wenye pembe kali kama mikuki kwa kawaida husukumana pembe kwa pembe na hawachomani ubavuni, ijapokuwa pembe hizo humwumiza simba. Mwaka 1973 John Maynard Smith na George Price walionyesha kwa hesabu kwamba kujizuia namna hiyo humfaa mnyama binafsi, kwa kuwa anayepigana hadi mwisho kila mara hupata majeraha yanayozidi faida. Kwenye kisiwa cha Rum huko Scotland, utafiti uliotolewa mwaka 1979 ulieleza jinsi madume ya kulungu wekundu wanavyongurumiana kwanza, kisha wakatembea sambamba, kila mmoja akimpima mwenzake. Mengi ya makabiliano hayo huisha bila pembe kugusana. Mitindo mingi ya kale ilichagua somo la mwindaji. Somo la mshindani, la kumsoma mpinzani na kujua wakati wa kuondoka, lilibaki katika maadili ya mdomo ya walimu, nje ya mikao yenyewe.

Filamu za Hong Kong ndizo zilizoeneza mitindo hii duniani, hadi kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Katika filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Yuen Woo-ping, mhusika wa Jackie Chan anamwona paka wake akimwua swila, naye anabuni kutokana na hapo mtindo wa kucha za paka. Filamu ya katuni ya Kung Fu Panda ya mwaka 2008 iliwapa watoto mashujaa watano: chui milia, korongo, nyani, nyoka na vunjajungu. Nchini China mitindo ya kuiga imewekwa katika kundi lake la maonyesho ya wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina. Huko umbo la mnyama, usoni na mwilini, limepewa thamani kuliko uwezo wa kupiga, na nyani mwenye sarakasi ndiye anayewavutia zaidi watazamaji. Shule za ukoo za Shandong na Fujian bado hufundisha kwa jozi, mkono ukigusa mkono.