Jasho la Marehemu

Katika ukanda wetu wa pwani, tangu Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini, ugomvi unaovunja nyumba nyingi hauanzi kwa matusi. Huanzia kwenye shamba la minazi aliloliacha marehemu. Mama anataka libaki, kijana anataka liuzwe apate mtaji, binti anataka ada ya chuo. Kila mmoja anaona haki iko upande wake.

Ebrahim Hussein aliwagombanisha mama na binti juu ya kwenda sinema katika mchezo wake, Wakati Ukuta. Lakini ugomvi wa mali ya marehemu ulipandishwa jukwaani mjini New York tarehe 11 Machi, 1959, katika mchezo uitwao A Raisin in the Sun. Mwandishi wake, Lorraine Hansberry, mzaliwa wa Chicago, alikuwa na umri wa miaka 28. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa mwanamke mweusi kuonyeshwa Broadway.

Familia ya Younger imebanana katika nyumba ya kupanga huko Chicago. Baba amefariki, na bima ya maisha yake imeleta dola 10,000. Mama Lena anataka nyumba. Mwanawe Walter, dereva wa tajiri wa kizungu, anataka duka la pombe. Binti yake Beneatha anataka kusomea udaktari.

Mama anatoa dola 3,500 kutanguliza malipo ya nyumba katika mtaa wa wazungu, bila kumshirikisha mwanawe. Walter anavunjika moyo. Kwa huruma, mama anamkabidhi zilizobaki, akimwagiza aweke benki 3,000 za masomo ya dada yake. Walter anazitoa zote kwa mshirika wake, naye anatoroka nazo.

Wengi watasema: vijana wa siku hizi! Lakini tupime pande zote. Lena ni wa kizazi kilichokimbia ukatili wa kusini mwa Marekani. Kwake, kuwa huru tu ni ushindi. Walter amekulia mjini, kazi yake kumwendesha mwenye mali. Kwake, uhuru bila fedha si uhuru.

Wazungu wa mtaa ule wanataka kuilipa familia ili isihamie. Walter anamwita mjumbe wao apokee fedha hizo. Mama hamzuii, anataka tu afanye hivyo mbele ya mwanawe mdogo, Travis. Mbele ya mtoto, Walter anakataa. Familia inahama.

Mama alikosea alipoamua peke yake, na mwana alikosea vivyo hivyo. Nyumba ilipona vizazi vitatu viliposimama pamoja.

Basi wazee wetu, kabla ya kukataa, na vijana, kabla ya kumleta mnunuzi kwa siri, kaeni mkeka mmoja. Jasho la marehemu ni la wote.