Jaro: Mji Uliogeuzwa Mtaa

Swali langu la kwanza Jaro lilikuwa la kijinga: mbona kanisa liko huku na mnara wake wa kengele uko ng'ambo ya barabara? Dereva alicheka tu. Nikamchokoza kwamba huu ni mtaa wa jiji la Iloilo. Hapo hakucheka. "Hapa ni Jaro," akasema.

Kisheria nilikuwa sahihi. Jaro iliunganishwa na Iloilo mwaka 1941. Lakini kabla ya hapo ulikuwa mji unaojitegemea, na tangu 1865 makao ya askofu. Kiburi cha dereva yule hakikutoka hewani.

Mimi nilikuwa nimefuata majumba. Nelly's Garden, lile la 1928, ni jeupe na lina bustani pana kuliko mtaa mzima ninaoishi. Pesa yake ni ya sukari. Ila kabla ya sukari, wanawake wa Jaro na miji jirani walikuwa wafumaji, wakitengeneza vitambaa vya pamba, hariri na nyuzi za majani ya nanasi. Naam, nanasi!

Bandari ya Iloilo ilifunguliwa kwa biashara ya dunia mwaka 1855. Mwaka uliofuata akaja Nicholas Loney, makamu balozi wa Uingereza, ambaye pia alikuwa mfanyabiashara. Aliuza vitambaa vya Manchester kwa bei poa, na akakopesha watu mashine za kusaga miwa. Meli ileile ilileta pamba ikaondoka na sukari, haikurudi tupu. Matajiri wa Jaro wakahamishia mtaji wao kisiwa cha pili, Negros, wakalima miwa. Vibarua wakafuata. Wafumaji je? Soko lao likaenda.

Mwaka huohuo wa 1856 ndipo Graciano López Jaena alipozaliwa Jaro, mama yake akiwa mshonaji. Aliandika kumkejeli padri mlafi wa Kihispania, ikabidi atoroke. Mwaka 1889 alikuwa mhariri wa kwanza wa gazeti la La Solidaridad, kule Barcelona. Alifia hukohuko mwaka 1896, fukara, hajafika miaka 40.

Siku hizi uwanja wa Jaro una jina lake, na sanamu yake iko hapo, karibu na ule mnara. Nilizunguka uwanja mzima nikitafuta sanamu ya mfumaji hata mmoja. Sikuiona. Nikarudi kwa dereva, tukaondoka.