Nyaraka za Kale na Masahihisho ya Historia ya Ukoo katika Bonde la Ruzizi

Katika vijiji vya bonde la Ruzizi, kaskazini ya Uvira, Kiringye kikiwa kimojawapo, kumbukumbu za ukoo hazijawa mazungumzo ya jioni tu. Sheria ya uraia ya tarehe 5 Januari 1972 iliwatambua kuwa raia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakikaa Kivu tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 iliiondoa nafasi hiyo, ikataka wahenga wa mtu wawe wa kabila lililokuwamo ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ikakisogeza kipimo hicho hadi uhuru wa mwaka 1960. Kwa hiyo, swali la babu alizaliwa lini na wapi lilikuwa na uzito wa kisheria, na kosa dogo la miaka liliweza kuwagharimu wajukuu. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi nyaraka za kale zinavyosahihisha makosa ya namna hiyo, na pia mahali ambapo nyaraka zenyewe hazina budi kusahihishwa.

Makosa yanayojitokeza aghalabu ni ya aina tatu. La kwanza ni la mwaka. Karani wa kikoloni alipohesabu watu, mara nyingi alikadiria umri kwa kumtazama mtu usoni, akaandika kwamba amezaliwa yapata mwaka fulani. Wajukuu huliacha neno "yapata", na makisio hugeuka kuwa tarehe. La pili ni la jina. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwaamuru wananchi kuyaacha majina ya Kikristo. Hivyo mtu mmoja aliyeandikwa katika kitabu cha ubatizo kwa jina moja na katika kitambulisho kwa jina jingine huweza kuhesabiwa kuwa watu wawili. La tatu ni la undugu. Katika lugha zetu, ndugu wa kiume wa baba naye ni baba. Mzee asemapo "baba yangu" hadanganyi, lakini msikilizaji asiyeuliza zaidi huchora nasaba isiyo sahihi. Hapo kitabu cha ubatizo husaidia, kwa kuwa hutaja wazazi wa mtoto pamoja na tarehe na mahali.

Mfano ulio karibu nasi wasomaji wa Kiswahili ni maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Msimulizi huyo huhesabu kwa safari na vita zaidi kuliko kwa miaka. Tunajuaje, basi, vita vyake na Nsama vilikuwa lini? Jibu limo katika shajara ya Livingstone, aliyekutana naye mwezi Julai 1867, muda mfupi baada ya vita hivyo. Ukurasa mmoja wenye tarehe unalishika tukio moja, na matukio ya kabla na baada yake yanapata kujipanga. François Bontinck, katika tafsiri yake ya Kifaransa ya mwaka 1974, aliulinganisha usimulizi huo na maandishi ya wasafiri kwa namna hiyo.

Hata hivyo, kitabu hichohicho kinatuonya. Tippu Tip anaeleza jinsi alivyojidai kuwa wa damu ya Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela, na kwa dai hilo akakabidhiwa utawala. Nasaba iliyotungwa ilizaa mamlaka ya kweli. Wala dai halikupata kuwa kweli kwa sababu limechapishwa. Maandishi yanathibitisha kwamba lilitamkwa, basi.

Onyo la pili linatoka katika bonde letu wenyewe. Mwezi Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira, wasiweze kuendelea hadi mlango wa Ruzizi. Wana watatu wa mtawala Maruta waliwaambia kwamba mto huo huingia ziwani. Licha ya ushahidi huo, miaka michache baadaye Burton alitetea rai kwamba mto hutoka ziwani kwenda kaskazini, ili ziwa liwe chanzo cha Naili. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa mto, wakaona kwa macho yao kwamba maji yanaingia. Wenyeji walikuwa wamesema kweli, na maneno yao yalikuwamo katika maandishi ya mgeni aliyekuja kuyapuuza. Kwa hiyo tunapofungua rekodi hatuna budi kutenga mambo mawili: yale aliyoyasema shahidi, na yale aliyoyadhani mwandishi.

Kutokana na mifano hii, mtafiti wa ukoo katika bonde la Ruzizi anaweza kufuata njia hii. Kwanza, amsikilize mzee mpaka mwisho kabla ya kufungua daftari, na amwulize kila "baba" alikuwa baba wa namna gani. Pili, atafute tukio lenye tarehe ijulikanayo: waasi waliuteka mji wa Uvira mwezi Mei 1964, na mwaka huohuo maji ya ziwa yalipanda mno. Mama asemaye kwamba alijifungua wakati huo ametaja mwaka bila kuutaja. Tatu, alinganishe maandishi mawili au zaidi yaliyoandikwa na watu wasiotegemeana, kama vile kitabu cha parokia na daftari la kodi. Nne, penye "yapata" aache "yapata".

Sharti hilo la nne ndilo gumu kuliko yote, kwani ofisi huidai tarehe kamili, na ukoo hupenda kuipata. Lakini tarehe iliyobuniwa ili kumridhisha karani humwachia mjukuu shaka katika kila hati itakayoandikwa baadaye. Afadhali ukoo uwe na mwaka usio hakika unaoweza kutetewa, kuliko siku na mwezi visivyo na shahidi.